Kujaza nafasi zilizoachwa wazi kwenye mtihani wa Kiingereza wa kuingia masta: mwongozo kamili wa kujifua mwenyewe

Tuanze na zoezi la sekunde kumi. Haba na haba ______. Usipoziba ufa ______. Akufaaye kwa dhiki ______. Umejaza yote matatu kabla jicho halijafika mwisho wa mstari na hukuhitaji machaguo yoyote chini yake. Haya, sasa hili: Ingawa jamaa ana hela za kumwaga, nyumba anayoishi ni ______. Hii sio methali, hujawahi kuisikia popote, lakini kichwani umeshasema "ya kawaida" au "kibanda tu" au "imechoka", na hakuna hata mmoja aliyesema "ya kifahari".

Hapo vimetokea vitu viwili tofauti na watu wengi hawavitenganishi. Zile methali umezijaza kwa kumbukumbu, yaani maneno yamezoea kutembea pamoja, ukiona moja unalisubiri lingine. Ile ya jamaa mwenye hela umeijaza kwa ushahidi, "ingawa" imekwambia kinachokuja kitagongana na hizo hela. Sasa mitihani ya kuingia masta, hasa GRE (mtihani ambao vyuo vingi, hasa vya Marekani, huwaomba wanaotaka kusoma masta), inapima sana hicho cha pili, ila tukienda kujiandaa wote tunakimbilia cha kwanza, tunakariri maneno.

Na mimi ndo nilivoanza. Nilikuwa na kadi za maneno rundo zima, naamka nazo nalala nazo, nikajua "obdurate" ni mkaidi na "laconic" ni mtu wa maneno machache, alafu nikafungua maswali ishirini ya mazoezi nikapata nusu. La kuuma zaidi ni kwamba kwenye mengi niliyokosa, maneno yote ya kwenye machaguo nilikuwa nayajua. Yote! Tatizo halikuwa msamiati, nilikuwa siisomi sentensi, nasoma machaguo. Kwa hiyo karibu kila kitu kwenye mwongozo huu kinarudi hapo, jibu linatoka kwenye sentensi, na machaguo yamewekwa ili yakutoe kwenye sentensi.

Jua kwanza unajaza nini

GRE ilifupishwa Septemba 2023, saivi mtihani mzima ni kama saa moja na dakika 58. Upande wa lugha una sehemu mbili, ya kwanza maswali 12 kwa dakika 18, ya pili maswali 15 kwa dakika 23, na alama zinatoka 130 mpaka 170. Kama nusu hivi ya hayo maswali 27 ni ya kujaza nafasi, yaliyobaki ni ufahamu. Ugumu wa sehemu ya pili unategemea ulivofanya ya kwanza, kwa hiyo usiichukulie ya kwanza kama ya kupasha misuli moto.

Ya kujaza yako ya aina mbili. Ile inayoitwa Text Completion ni sentensi au aya fupi yenye nafasi moja, mbili au tatu. Nafasi ikiwa moja unapewa machaguo matano, zikiwa mbili au tatu kila nafasi ina machaguo matatu yake. Na hakuna maksi ya huruma, ukipatia mbili kati ya tatu umekosa swali zima. Ile ya Sentence Equivalence ni sentensi moja, nafasi moja, maneno sita, unachagua mawili ambayo kila moja likikaa pale sentensi inabaki na maana ileile. Ukibahatisha kwa macho ya kufumba, swali la nafasi tatu una nafasi 1 kati ya 27, la maneno sita 1 kati ya 15, la nafasi moja 1 kati ya 5. Ila kukosa hakukukati alama, kwa hiyo swali usiliache tupu hata kidogo.

Mitihani mingine ina sura nyingine. Mtihani wa taifa wa kuingia masta kule China una habari moja ndefu yenye nafasi 20, kila moja machaguo manne na nusu maksi, jumla 10 kati ya 100. PTE Academic, ambao vyuo vingi vinaupokea kama uthibitisho wa Kiingereza, una aya za kujaza pia na ule unakulipa kwa kila nafasi uliyopatia. Mbinu za chini zinafanya kazi kote, ila uzito unahama, nitasema tukifika.

Hatua ya kwanza: funika machaguo

Namaanisha funika kweli, kwa mkono au karatasi au kadi, na kama ni kwenye kompyuta shusha dirisha mpaka machaguo yapotee. Soma sentensi yote mpaka nukta, usisimame kwenye nafasi. Watu wengi wakifika kwenye nafasi wanasimama wanaanza kufikiri, wakati ushahidi mara nyingi uko mbele baada ya ile nafasi.

Alafu jiulize maswali matatu tu. Nafasi hii inamzungumzia nani au nini? Ni maneno gani mengine kwenye sentensi yanamzungumzia huyohuyo? Na yale maneno yanaelekea upande mmoja na nafasi au yanapingana nayo? Ukishajibu, andika neno lako mwenyewe kwenye karatasi. Kwa Kiswahili. Ndio, kwa Kiswahili, hapa ndo watu hunibishia, wanasema eti ukiwa kwenye Kiingereza fikiri kwa Kiingereza. Kufikiri fikiri kwa lugha yoyote, ila neno la kubashiri likija la Kiswahili linakuja na maana safi, ukilazimisha la Kiingereza utapoteza nusu dakika unatafuta neno zuri na unaweza ukaishia na neno usilolijua vizuri. Hata "kitu kibaya" au "kinyume cha haraka" kinatosha, hakuna anayekusahihishia ubashiri.

Tuone moja kwa karibu:

"Although the professor was famous for her long lectures, her written reports were surprisingly ______."

Nafasi inazungumzia ripoti zake. Ushahidi ni mihadhara mirefu. Kiungo ni "although", kinageuza, na "surprisingly" inagongelea msumari, kinachokuja kitashangaza. Neno langu: fupi. Sasa funua: terse, verbose, obscure, erudite, tedious. Fupi ni "terse", basi, swali limeisha na limekula sekunde thelathini.

Angalia sasa hayo mengine manne yalivotegwa. "Verbose" ni ya yule aliyeona "long" akasahau "although". "Tedious" ni ya yule anayeamini mihadhara mirefu inachosha, ambayo inaweza kuwa kweli maishani ila sentensi haijasema. "Erudite" ni ya yule aliyeona "professor" akaleta mawazo yake kuhusu maprofesa. "Obscure" inabaki kwa yule asiye na uhakika anayependa neno linalosikika la kisomi. Hakuna chaguo lililowekwa pale bila sababu, kila moja ni mtego wa aina fulani ya usomaji mbovu, na ukijua mtego gani huwa unakunasa umeshapiga hatua kubwa kuliko kukariri maneno mia.

Kanuni ninayoishi nayo: kama siwezi kuweka kidole kwenye neno ndani ya sentensi nikasema "kwa sababu ya hili", basi sijajibu, nimekisia.

Hatua ya pili: viungo, na hapa kaa muda mrefu

Kiswahili kimetuzoesha vibaya kidogo. Nikikwambia "kiti ___mevunjika" unajaza "ki" bila kufikiri, ngeli inakukamata mkono inakupeleka. Kiingereza hakina huo upole. Kwenye GRE machaguo yote yanakaa sawa kisarufi, karibu haiwezekani ukaondoa neno kwa sarufi, unachobaki nacho ni maana na viungo. Kwa hiyo viungo vidogo ndo ngeli zako.

Vya kawaida unavijua, but, because, therefore, sina haja ya kuvipigia kelele. Vinavyoua ni vile unavyodhani unavijua. "While" mwanzoni mwa sentensi mara nyingi sio "wakati", ni "ingawa". "Yet" katikati ya sentensi mara nyingi sio "bado", ni "lakini". "Since" inaweza kuwa "tangu" na inaweza kuwa "kwa kuwa". "For all" ndo ilinimaliza mimi, "for all his money" nilikuwa nasoma "kwa hela zake zote", kumbe ni "pamoja na hela zake zote hizo bado...", yaani licha ya. "If anything" inakuja kusema kinyume na ulichotegemea, mtu alidhani kazi itampunguzia mawazo, "if anything" imemwongezea.

Alafu kuna ukanushaji uliojificha. Sisi tukikanusha kila mtu anaona, ha-, si-, hu-, iko hapo mwanzoni mwa kitenzi imekaa kama bango. Kiingereza kinaweza kukanusha bila "not" hata moja. "Hardly" na "scarcely" ni karibu sio kabisa. "Far from" ni kinyume chake. "Fails to" ni hakufanya. "Belies" ni kwamba sura inadanganya, "her calm voice belied her anger", sauti tulivu ilificha hasira, ukiisoma kama "ilionyesha" umegeuza swali zima. "Little doubt" ni shaka hakuna, "a little doubt" ni shaka ipo kidogo, herufi moja tu hiyo "a" inabeba maana yote. Na hizi mbili zikae ukutani kwako: "all but finished" ni karibu kwisha, "anything but finished" ni bado kabisa.

"Not so much A as B" maana yake sio A sana, ni B. "He was not so much lazy as bored", sio mvivu, kachoka tu na kazi yenyewe. Mtu akisoma haraka anaona "not" na "lazy" anajaza "hardworking" huko mbele.

Alama za uandishi nazo ni viungo. Nukta mbili karibu kila mara zinasema: kinachofuata ni maelezo ya nilichosema sasa hivi. Ukiona nafasi kabla ya nukta mbili, jibu liko baada yake, nenda kalichukue. Nukta na mkato inaunganisha mawazo mawili, mara nyingi yanaelekea njia moja, ila ikifuatwa na "however" imegeuka.

Zoezi la hatua hii ni dogo na linachosha lakini fanya: wiki nzima, usijibu swali hata moja. Chukua maswali kumi kwa siku, zungushia kiungo, chora mshale kama kinaendeleza au mshale uliovunjika kama kinageuza, pigia mstari ushahidi, andika neno lako la Kiswahili, funga. Machaguo usiyaangalie mpaka kesho yake. Kuna kijana mmoja niliyekuwa nasoma naye aliona huu ni upuuzi, wiki ya pili ndo alikuwa ananiomba karatasi zangu za mishale.

Hatua ya tatu: nafasi mbili na tatu

Usianze na nafasi ya kwanza kwa sababu tu ni ya kwanza. Anza na ile yenye ushahidi mnene, ikishakaa inakuwa ushahidi wa zile nyingine.

"The committee's praise was so (i) ______ that the young chemist, who had expected at least a few objections, began to (ii) ______ its sincerity."

Nafasi ya kwanza machaguo ni grudging, effusive, belated. Ya pili ni cherish, feign, question. Mimi naanza na ya pili. Mtu alitegemea pingamizi mbili tatu, akapewa sifa, na hizo sifa zimempeleka kwenye kuwaza ukweli wake. Neno langu: kutilia shaka. "Question" inakaa. Sasa rudi nyuma, sifa za namna gani zinamtia shaka mtu aliyetegemea pingamizi? Sifa zilizomwagika kupita kiasi. "Effusive".

Mtego ni "grudging", sifa za shingo upande. Ukiisoma juu juu inaleta maana, mtu akisifiwa kwa shingo upande anaweza kutilia shaka. Lakini kile kipande cha katikati, "alitegemea angalau pingamizi chache", kitakuwa na kazi gani? Sifa za shingo upande zingekuwa ndo kile kile alichotegemea, asingeshtuka. Kila kipande cha sentensi kimewekwa kwa kazi, jibu lako likikiacha kipande kimoja bila kazi, rudia.

Kwenye aya ya nafasi tatu mara nyingi moja inakuwa rahisi, moja ya wastani, na moja inategemea hizo mbili. Ukishajaza zote soma aya nzima tena na majibu yako ndani, kwa sauti ya kichwani, ni sekunde kumi na inaokoa swali.

Hatua ya nne: maneno sita, majibu mawili

"For all the minister's talk of thrift, his own household was run in a notably ______ manner."

frugal, lavish, orderly, extravagant, secretive, parsimonious.

Anayeanza na machaguo anatafuta mapacha, anaona "frugal" na "parsimonious" wote wanabana matumizi, anabonyeza, anaondoka akiwa na furaha. Amekufa. Mapacha hao wamewekwa makusudi kwa ajili yake. "For all" tumeshaisema, licha ya maneno mengi ya kubana matumizi, nyumbani kwake ilikuwa kinyume, kwa hiyo ni lavish na extravagant. Kutafuta mapacha ni hatua ya mwisho ya kuhakikisha, haiwezi kuwa ya kwanza.

Kitu kingine, ukipata neno linalokaa vizuri kabisa lakini halina mwenzake kwenye orodha, liache hata kama roho inauma. Na mapacha sio lazima wawe na maana moja kwenye kamusi, kinachotakiwa ni sentensi mbili zinazotokea ziseme jambo lile lile.

Hatua ya tano: habari ndefu yenye nafasi nyingi

Hapa ndo ile kumbukumbu ya methali inarudi kazini. Kwenye habari ya nafasi ishirini, sehemu nzuri inaulizia maneno yanayotembea pamoja: regarded as, draw a conclusion, pay attention to, on the contrary. Hakuna mantiki ya kusema kwa nini hitimisho "linachorwa", ndivo wanavosema tu, kama sisi tunavyopiga picha, piga pasi na piga simu bila kumpiga mtu. Kwa hiyo ukijifunza kitenzi jifunze na kihusishi chake, jina na kitenzi chake.

Ila mantiki ipo pia, na inavuka sentensi. "Few people now write letters by hand. The ______ is not hard to find: a message that once took a week now takes a second." Machaguo ni reason, remedy, habit, cost. Mtu akisimama kwenye nafasi anaweza kujaza chochote, anayefika kwenye nukta mbili anaona maelezo ya kwa nini, basi ni "reason". Soma habari yote mara moja bila kujaza kitu, hata dakika moja na nusu, ujue inahusu nini na mwandishi anakubali au anapinga. Mzunguko wa pili jaza unazoziona wazi, ruka ngumu. Wa tatu rudi kwenye ngumu, sasa habari imeshajaa kiasi zinakuwa nyepesi. Na usikae nayo saa zima, kwa mtihani wa China nafasi moja ni nusu maksi wakati swali moja la ufahamu ni maksi 2, hesabu ifanye mwenyewe.

Msamiati, maana najua ulikuwa unaungoja

Sijasema usijifunze maneno. Nasema usijifunze kama orodha ya simu. Kuna orodha ya maneno ya kitaaluma aliyoichapisha Averil Coxhead mwaka 2000, ina familia 570 za maneno, inapatikana intaneti, kwa mtu ambaye anahangaika hata kuelewa sentensi yenyewe aanzie hapo kabla ya kukimbilia maneno ya ajabu ajabu.

Jifunze kwa makundi, na rangi ya kila neno, yaani linasifu au linabeza. Maneno ya mtu anayebana hela: thrifty ni mwekevu, unamsifu, stingy ni bahili, unamsema. Maana zinakaribiana lakini moja lina alama ya kujumlisha na lingine la kutoa, na mtihani unaishi humo humo. Kila neno kwenye kadi yako liwe na alama hiyo, na sentensi moja uliyoikuta mahali, sio uliyoitunga, maana unazotunga huwa zinabeba Kiswahili chako. Programu ya Anki inakurudishia kadi kwa mpangilio wa siku, unazozijua zinakuja kwa nadra na unazokosa zinakuja kila mara, ni nzuri, ila kadi ishirini mpya kwa siku zinatosha sana, ukiweka sitini ndani ya wiki mbili utaikimbia.

Na sasa maneno rahisi yenye maana ya pili, haya ndo fimbo. "Qualified praise" sio sifa za mtu mwenye vyeti, ni sifa zenye masharti, zenye "lakini". "Check" ni kuzuia. "Arrest" ni kusimamisha kitu, sio polisi. "Temper" kama kitenzi ni kupunguza makali. "Want" kama jina ni ukosefu. "Her enthusiasm flagged", hamasa ilififia, hakuna bendera hapo. "Sanction" ni balaa, inaweza kuwa kuidhinisha na inaweza kuwa kuadhibu. Ukiona neno dogo la darasa la saba limekaa katikati ya maneno makubwa kwenye machaguo, lishuku.

Daftari la makosa

Kama utafanya kitu kimoja tu kwenye mwongozo huu nzima kifanye hiki. Kila swali ulilokosa, na kila ulilopatia kwa kubahatisha, liingie. Sio "swali la 7, jibu C". Liingie hivi:

"For all... thrift. Nilijaza frugal na parsimonious. Neno langu la Kiswahili: sikuandika. Kilichonidanganya: niliona thrift nikatafuta ndugu zake. Ushahidi niliouruka: For all. Aina ya kosa: kiungo."

Aina za makosa mimi nilikuwa nazo nne. Kiungo, nimesoma mwelekeo vibaya. Neno, sikulijua kweli. Hadithi, nimeleta mambo ambayo sentensi haijasema. Haraka, nilijua lakini nimekimbia. Baada ya maswali hamsini hesabu kila aina. Mimi nilikuwa na uhakika ningekuta "neno" inaongoza, nikakuta hadithi na kiungo zimeishika daftari zima, miezi ya kadi ile nilikuwa natibu jino lisilouma.

Kila Jumapili, au siku yoyote uliyojipangia, rudia maswali ya daftari yenye wiki mbili au zaidi bila kuangalia jibu. Ukikosa tena, liwekee nyota, hilo ni lako.

Kutengeneza mazoezi mwenyewe

Maswali rasmi ni machache na ni ya thamani. ETS, wenye mtihani wa GRE, wenyewe wanatoa mitihani ya majaribio ya bure ya POWERPREP, hiyo itunze, usiifungue wiki ya kwanza kwa udadisi. Maswali ya kuokota mtandaoni mengi yana ushahidi mlegevu, majibu mawili yanafaa na maelezo hayaeleweki, ukiyafanya sana unajifunza kukisia.

Badala yake tengeneza. Zoezi la kufuta maneno lilianzishwa na Wilson Taylor mwaka 1953, na cha kuchekesha ni kwamba hakulianzisha kupima watu, alikuwa anapima maandishi yanasomeka kirahisi kiasi gani. Chukua aya ya habari ya kisayansi au ya historia yenye maneno kama mia mbili, nakili, futa kila neno la saba, weka pembeni siku tatu usahau, alafu jaza. Ukishazoea futa kwa kuchagua: siku moja futa viungo vyote tu, siku nyingine vihusishi tu, siku nyingine vivumishi vya kusifu na kubeza. Aya ikifutwa viungo peke yake inakuwa ngumu ajabu, unaona kabisa mawazo yameachana mikono na wewe ndo wa kuyashikanisha. Ukiwa na mwenzako badilishaneni, kila mmoja amfutie mwenzake, ni bora maana hujui kilichofutwa.

Ratiba ya wiki nane

Dakika 45 mpaka saa moja kwa siku, siku sita. Wiki ya kwanza ni mishale tu, nimeshasema. Ya pili na ya tatu, maswali kumi na tano kwa siku bila saa kabisa, machaguo yamefunikwa, daftari linaandikwa. Mtu atakwambia weka saa mapema, usimsikilize, saa ukiiweka kabla njia haijakaa unazoesha mwili kukimbia vibaya. Ya nne ongeza za nafasi tatu na habari ndefu. Ya tano ndo saa inaingia: nafasi moja na zile za maneno sita sekunde 45 hivi, nafasi mbili dakika moja, tatu dakika moja na nusu. Inaonekana kidogo lakini ukigawanya dakika 18 kwa maswali 12 unapata dakika moja na nusu kwa kila moja, na ufahamu unakula zaidi ya hapo, kwa hiyo huku ndo kwa kuokoa. Ya sita na ya saba, mtihani mzima wa majaribio mmoja kila wiki, na siku mbili nzima za kuuchambua, uchambuzi uwe mrefu kuliko mtihani. Ya nane punguza, daftari na kadi za zamani tu, hakuna neno jipya siku tatu za mwisho.

Ndani ya chumba

GRE inakuruhusu kuweka alama kwenye swali na kulirudia ndani ya sehemu hiyohiyo. Kwa hiyo mzunguko wa kwanza ukikwama zaidi ya dakika moja na nusu jaza chochote kinachoelekea kufaa, weka alama, songa. Ukirudi usibadilishe jibu kwa sababu tu linakutazama vibaya, badilisha ukiwa umeona kiungo au kipande cha ushahidi ambacho mara ya kwanza hukukiona.

Na likija swali ambalo maneno mawili kati ya matatu huyajui kabisa, bado funika, bado bashiri kwa Kiswahili, alafu angalia lile unalolijua: linafanana na neno lako? Ndio, chukua. Hapana, limetoka, na sasa unachagua kati ya mawili badala ya matatu, ukiwa na alama ya kujumlisha au kutoa uliyoiandika pembeni. Ukifanyia kituoni karatasi ya kuandikia utapewa, mimi yangu ilijaa "kinyume cha haraka" na "kitu kibaya" na mishale mitupu, msimamizi aliikusanya akaitazama kidogo akanitazama na mimi.